Shangazi kazikwa Jumanne, majibu ya kuotesha damu yametoka Alhamisi. Huo usugu wa dawa kautoa wapi?

#1 MtotoWaKengeja
Assalaam aleikum. Ntaeleza kwa urefu mnivumilie.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na sukari miaka mingi. Mwezi uliopita akakanyaga kipande cha kifuu uani kwake Kengeja, Pemba, kidonda kidogo tu chini ya unyayo. Kikakaa, kikaanza kunuka, siku moja tunampigia simu anajibu maneno hayana mbele wala nyuma. Wapo waliosema kapandwa na kitu, mnatujua wenyewe. Kumbe homa iko juu na presha imeshuka. Spitali ya kwanza wakamuwekea dripu, kesho yake akavushwa Unguja, Jumatatu akaingizwa ICU. Daktari akatwambia ni sepsisi, maambukizi yameanzia mguuni sasa mwili mzima umechachamaa na figo zinagoma.

Sindano zikaanza. Jumatano akafungua macho akauliza kuku wake nani anawapa chakula, tukalia kwa furaha wallahi. Jumamosi homa ikarudi. Jumapili wakachukua damu ya kuotesha maabara waone ni bakteria gani, wakabadilisha dawa. Jumanne alfajiri akafariki, tukamzika siku ile ile.

Alhamisi binamu yangu kenda kufuata vitu vyake akapewa karatasi. Imeandikwa Klebsiella pneumoniae, jina la bakteria, chini yake safu ya majina ya dawa na mbele ya kila jina herufi. R, R, R, nimezihesabu ziko 9. S ipo moja, amikasini. Seftriaksoni aliyopigwa siku zote zile, R. Meropenemu aliyobadilishiwa Jumapili, tena tuliinunua nje kwa mbinde, R.

Sasa msibani mtu mwenye elimu yake akasema "ndo matokeo ya kumeza antibayotiki ovyo". Imeniuma. Shangazi hakuwa mtu wa vidonge zaidi ya vya sukari. Mtu ambaye hajameza hizo dawa, usugu kautoa wapi? Spitali siitaji na msiniulize.

#2 BoriboMbichi
Innalillahi. Pole sana ndugu, Allah amrehemu. Nafuatilia, mkwe wangu nae ana sukari.

#3 KarafuuKavu
Pole. Ila aliyesema msibani kakosea pa kusemea tu, maneno yake kweli. Wazanzibari mafua kidogo azuma, tumbo likikata flajili, mkojo ukichoma sipro, na anaekushauri ni jirani. Huyo Mwingereza aliyegundua penisilini mwaka 1945 alisema mapema kwamba mtu akijimezea mwenyewe dozi ndogo ndogo atawafundisha wadudu kuizoea. Hatukusikia.

#4 MzeeWaMtoni
Sahihisho dogo #3. Fleming alikuwa Mskoti, na waskoti hawapendi kuitwa hivyo kama sisi tusivyopenda kuitwa watu wa Dar. Penisilini kaiona 1928. 1945 ndo mwaka wa tuzo ya Nobel, na onyo hilo alilitoa kwenye hotuba ya tuzo.

#5 KarafuuKavu
Ahsante mzee. Hoja yangu ipo pale pale.

#6 MaabaraUsiku
Pole mtoa mada. Mimi nafanya kazi maabara, sisemi wapi. Kwanza tuweke hili sawa, mana watu wengi hata wenye digirii wanalikosea. ANAEKUWA SUGU NI BAKTERIA, SI MTU. Shangazi yako angeweza kuishi miaka 70 bila kugusa antibayotiki na bado akaingiwa na mdudu ambae ameshajifunza kwa watu wengine huko. Mdudu haji akiwa mtoto mchanga, anakuja na vyeti vyake.

R maana yake dawa imeshindwa, S dawa inafanya kazi. Hizo R tunavyozipata: damu inaingia kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inakaa kwenye joto la mwili. Wakiota tunawapaka kwenye sahani ya agari, chakula chao kilichoganda kama jeli, juu yake tunapanga vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake. Kesho yake asubuhi unaangalia. Dawa ikifanya kazi kunakuwa na duara safi kuzunguka kile kikaratasi, unalipima kwa rula kwa milimita. Ikishindwa, wadudu wamejaa mpaka wamekigusa kikaratasi chenyewe, kama unga uliomwagika. Sahani ya namna hiyo ukiiona usiku uko peke yako unakaa kitako kwanza.

Na katika R zako 9 kama ampisilini imo usiihesabu, Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa kuzaliwa.

#7 MtotoWaKengeja
Imo, ya kwanza kabisa. Basi 8. Sasa kwa nini ichukue siku nne?

#8 MaabaraUsiku
Kuota peke yake siku moja mpaka mbili. Kumtambua ni nani na kumpima na dawa siku nyengine moja au mbili. Jumapili mpaka Alhamisi si uzembe, ndo mwendo wenyewe wa bakteria. Zipo mashine za kuharakisha ila si kila pahala. Swali langu mimi ni jengine. Jumatatu alipoingia ICU, KABLA ya sindano ya kwanza, damu ya kuotesha ilichukuliwa?

#9 MtotoWaKengeja
Sidhani. Karatasi ni hii moja tu ya Jumapili.

#10 MaabaraUsiku
Basi hapo ndo pameharibika ushahidi. Hatujui mdudu wa Jumatatu alikuwa nani. Pengine mwengine kabisa, seftriaksoni ikamsafisha ndo mana Jumatano akauliza kuku. Huyu Klebsiella anaweza kuwa mgeni wa Jumamosi.

#11 NesiMstaafu
Wanangu hamjambo. Nimekaa wodini miaka mingi, na ICU nimekaa. Maabara kasema kweli na mimi naongezea lile asilotaka kulisema. Mgonjwa kuanza vizuri kisha homa kurudi siku ya 5 au 6, jicho langu linakwenda kwenye mirija. Mtoto, alikuwa na mpira wa mkojo? Na ule mrija wa shingoni?

#12 MtotoWaKengeja
Vyote viwili Bi Nesi.

#13 NesiMstaafu
Haya. Kila mrija ni mlango. Bakteria wanajenga utando ndani ya plastiki, dawa haipenyi vizuri, na wanaobeba ni mikono yetu. Nasema yetu, simsingizii mtu. Usiku nesi mmoja na wagonjwa wanne, huyu mashine inalia, yule anajichomoa sindano, unaruka kitanda hadi kitanda. Nakumbuka chupa ya dawa ya mikono tuliifunga kwa bandeji kwenye mguu wa kitanda isiibiwe, ikawa haiibiwi lakini tupu wiki nzima. Daktari Semmelweis kule Vienna mwaka 1847 aliwaosha madaktari mikono kwa maji ya klorini vifo vya wazazi vikashuka, na wenzake wakamcheka. Mpaka leo ndo hadithi ile ile.

Na nyinyi jamaa wa wagonjwa msijitoe. Mnaingia na chupa ya zamzam mnampaka wenu usoni, halafu kwa huruma mnapita kitanda cha pili na cha tatu, mkono ule ule. Dua inafika hata ukiwa umesimama mlangoni.

#14 UrojoWaForodhani
Bi Nesi hapo kwenye zamzam umenipiga mimi moja kwa moja 😂 mwaka jana nilipaka wodi nzima

#15 KarafuuKavu
Kwa hiyo nesi ndo wa kulaumiwa, watu wenye kumeza vidonge vya rangi mbili, antibayotiki, kama karanga wasiguswe?

#16 NesiMstaafu
Sijasema hivyo mwanangu, soma tena taratibu.

#17 FamasiYaMtaa
Nimeshasubiri mpaka jina langu litajwe. Mimi nina duka la dawa. Mtu anakuja na shilingi 1,000, mtoto anaharisha, anataka vidonge vinne. Nikimwambia dozi ni siku kadhaa na inataka cheti cha daktari ananitizama kama namtukana, anavuka barabara kwa mwenzangu anakatiwa vinne, vinafungwa kwenye kikaratasi, bas. Kesho na mimi nna kodi ya fremu. Sijitetei, nawaambia mlango ulivyo. Na kabla hamjanitupia mawe: shangazi hakununua kwangu wala kwa mtu, mtoa mada kasema. Au vipi? Kidonda mwezi mzima mlikuwa mnakitia nini?

#18 UrojoWaForodhani
Mpemba mwenye duka huyu, anajibu swali kwa swali

#19 FamasiYaMtaa
Wa Wete, najivunia.

#20 MtotoWaKengeja
Nimekaa na hili swali la #17 tangu jana. Nimempigia simu binti yake. Anasema walikuwa wanakiosha kwa maji ya chumvi, na wanafungua vile vidonge vya rangi mbili wanamwaga ule unga juu ya kidonda kila asubuhi. Walivipata kwa jirani alobakisha. Sikujua. Nilivyosema hakuwa mtu wa vidonge nilikuwa nasema nnachokijua.

#21 KarafuuKavu
😶 Mimi sisemi kitu hapo. Pole tena.

#22 MaabaraUsiku
Usijipige sana ndugu. Unga juu ya kidonda ni mbaya kweli, unakausha ukoko juu huku chini usaha unaendelea, na dawa kidogo kidogo kama ile ni skuli ya bakteria. Lakini si ushahidi kwamba ndo uliozaa Klebsiella huyu. Vidonge vya rangi mbili visingemfundisha kuishinda meropenemu, ile inataka kimeng'enya chake maalum cha kuivunja, na maagizo ya kukitengeneza yamo kwenye kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria wanapeana wenyewe kwa wenyewe, hata wasiokuwa kabila moja. Kimojawapo, NDM, kiliripotiwa 2009 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa ametibiwa India. Sasa hivi kiko dunia nzima. Tazama kilivyosafiri, hakikuomba hata viza.

#23 DaktariMwanafunzi
Naomba nichangie, niko mwaka wa nne. Mnaongelea usugu peke yake lakini sepsisi haiui kwa sababu ya usugu tu. Tafsiri inayotumika tangu 2016 ni kwamba sepsisi ni viungo kuharibika kwa sababu mwili wenyewe unajibu maambukizi vibaya. Yaani hata dawa ikiwa sahihi, moto unaweza ukawa umeshawaka. Duniani sepsisi iliua watu milioni 11 mwaka 2017 kwa sababu ya usugu wa dawa. Kwa hiyo kuchelewa ndo adui mkubwa.

#24 MzeeWaMtoni
Mwanafunzi umejipinga katika aya moja. Milioni 11 ni vifo vyote vinavyohusiana na sepsisi 2017, wagonjwa karibu milioni 48.9. Za usugu ni hesabu nyengine, ya mwaka 2019: vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa na usugu wenyewe, na milioni 4.95 ambamo usugu ulikuwepo. Usichanganye ndoo mbili.

#25 DaktariMwanafunzi
Sawa mzee, nimekubali, niliandika haraka nikiwa kwenye daladala.

#26 UrojoWaForodhani
mwaka wa nne huyo, tukiumwa tusubiri amalize wa tano

#27 DaktariMwanafunzi
😅 Cheka tu. Lakini kuna jambo nataka kuuliza, zile dripu za spitali ya kwanza. Aliwekewa ngapi? Mana sisi Afrika tuna ushahidi wetu. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa, ilitoka 2011. Zambia nao 2017, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, waliopewa utaratibu wa maji mengi walikufa asilimia 48.1, wa kawaida asilimia 33. Huku mwongozo wa kimataifa unasema anza na mililita 30 kwa kila kilo ya mgonjwa.

#28 MtotoWaKengeja
Sijui ngapi. Nakumbuka uso ulivimba Jumatatu, tukasema kanenepa.

#29 MzeeWaMtoni
Hapo mwanafunzi umeleta kitu cha maana. Ila Zambia wengi wa wale wagonjwa walikuwa na virusi vya UKIMWI, si kila mtu unaweza kumfananisha nao. Na shangazi presha ilishuka kweli, usipompa maji kabisa utampa nini?

#30 DaktariMwanafunzi
Kweli, ndo mana wenyewe bado wanabishana. Kuna na jengine, dozi. Mgonjwa wa sepsisi mishipa inavuja, maji yamejaa mwilini, dawa inazimuliwa humo kama sharubati iliyozidi maji. Wengine figo zinafanya kazi kupita kiasi siku za mwanzo wanaikojoa dawa yote, wengine figo zimelala inajikusanya. Dozi ile ile ya kitabu, mmoja hapati, mwengine inamzidi.

#31 KukuWaFuoni
Jamani salaam. Nimesoma yote, hakuna alotaja kuku. Nasema mimi kabla hamjanisema.

#32 KarafuuKavu
Tulikuwa tunakuja huko 😂

#33 KukuWaFuoni
Nafuga kuku wa kisasa. Wapo wafugaji wanatia dawa ya unga kwenye maji tangu kifaranga cha siku moja mpaka kuku anauzwa, wanaita ya kuzuia. Mimi natia wakiumwa tu na nasubiri siku za kwenye lebo kabla sijauza. Ila sintodanganya, wiki bei ikiwa nzuri wengi hawasubiri. Na mbolea yake inakwenda kwenye mchicha munaokula nyote.

#34 MaabaraUsiku
Mchango wa kiungwana huu. Na upo mfano. Ile dawa ya mwisho kabisa ya ICU, kolistini, ilikuwa imewekwa kando miaka mingi kwa sababu inaharibu figo, ikarudishwa wadudu walipokuwa sugu kwa kila kitu. Kumbe huku nyuma wanyama wanapewa. 2015 Wachina wakaripoti usugu wa kolistini unaopeanwa kwa kile kipande cha DNA nilichokisema #22, walianza kuuona kwa nguruwe.

#35 UrojoWaForodhani
alhamdulillah sisi nguruwe hatuli, tumepona

#36 NesiMstaafu
Bakteria haulizi dini ya mtu mwanangu.

#37 FamasiYaMtaa
Kuna sababu moja mnaikwepa, dawa zenyewe. WHO, Shirika la Afya Duniani, 2017 walikadiria katika nchi zetu bidhaa 1 katika kila 10 za tiba ni mbovu au bandia. Dawa yenye nusu ya nguvu iliyoandikwa, mgonjwa hakukosea, daktari hakukosea, na mdudu anasoma somo lake. Halafu joto letu, mtu anaweka boksi juani kwenye gari kutoka bandarini Malindi mpaka Kwerekwe. Sisemi wote.

#38 KarafuuKavu
Na kutomaliza dozi je? Hilo hamlikatai.

#39 DaktariMwanafunzi
Hata hilo limeanza kutikisika mkuu. 2024 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,600 wenye bakteria kwenye damu, wamo wa ICU, siku 7 za dawa dhidi ya siku 14. Vifo ndani ya siku 90: asilimia 14.5 kwa siku 7, asilimia 16.1 kwa siku 14. Siku 7 hazikuwa mbaya zaidi. Bakteria aitwae Staphylococcus aureus hawakumuingiza, yule ana mambo yake. Kila siku ya dawa isiyohitajika inaua na wale bakteria wema wa tumboni, nafasi wanaichukua wakorofi.

#40 KarafuuKavu
Yaani miaka yote tunaambiwa maliza dozi maliza dozi, leo mnageuza?

#41 MzeeWaMtoni
Haijageuzwa, usije ukaacha dawa siku ya pili ukasema umesoma kwenye uzi. Anaeamua siku ni daktari, kilichobadilika ni kwamba madaktari wenyewe wanaanza kuzipunguza.

#42 MtotoWaKengeja
Nashukuru nyote. Mimi linalonisumbua ni ile S moja. Amikasini. Kama wangempa hiyo tangu Jumatatu?

#43 DaktariMwanafunzi
Figo zake zilikuwa zinagoma, na amikasini ni katika dawa zinazoumiza figo. Daktari asiyekuwa na majibu mkononi asingeanzia hapo, na mimi nisingeanzia hapo. Anachukua seftriaksoni kwa sababu ipo, inapigwa mara moja kwa siku, na miaka ya nyuma ilikuwa inashinda. Kwa kuwa kila mtu anaichukua kwa sababu hiyo hiyo ndo imefika hapa. WHO wameiweka kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho kali, sisi tunaipiga hata kwa homa ya siku moja.

#44 NesiMstaafu
Na saa ndo zinamsukuma. Mgonjwa wa sepsisi presha ikiwa imeanguka dawa iingie ndani ya saa moja, majibu siku nne. Daktari anarusha mshale gizani kila siku.

#45 MaabaraUsiku
Giza lile linapungua pale ambapo damu zinaoteshwa kila siku, unajua wodi yako ina wadudu gani hata kabla ya huyu wa leo. Pemba hapo maabara ya Ivo de Carneri, Chake Chake, ipo tangu 2000. Walipootesha damu za wagonjwa wa homa mwaka 2009 na 2010 mdudu alieongoza ni wa taifodi. Wangapi walikuwa wanatibiwa malaria? Na Muhimbili, 2001 na 2002, waliotesha damu za watoto waliolazwa, wenye bakteria wa kundi la huyu Klebsiella walikufa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wenye malaria. Hilo si jipya. Miaka zaidi ya 20 liko kwenye karatasi.

#46 KarafuuKavu
Kwa hiyo jibu la mtoa mada ni lipi? Wodi, duka, kuku, dawa feki, maabara, dripu? Mimi bado niko na duka.

#47 NesiMstaafu
Mimi na mikono.

#48 FamasiYaMtaa
Mimi nna maboksi yangu juani 😀 Usiku mwema.

#49 MtotoWaKengeja
Karatasi nimeihifadhi. Mama jana kaniuliza hizi R nyingi maana yake nini, nikamwambia ni dawa zilizokataliwa. Akasema "basi walimkatalia nyingi". Nikanyamaza. Kuku wake wameletwa kwetu, 11.

#50 BoriboMbichi
Samahani kuingilia tena, nahitaji msaada wa haraka. Mkwe wangu niliemtaja #2 kalazwa leo mchana, homa, anapumua mbio mbio, maneno yanapotea. Nimekumbuka uzi huu nikamuuliza nesi, damu ya kuotesha mmechukua kabla ya sindano au baada?

#51 MaabaraUsiku
Kasemaje?

#52 BoriboMbichi
Hawajachukua. Sindano ya kwanza ishapigwa saa tisa.

#53 MaabaraUsiku
Sindano isingengoja, wamefanya sawa kuipiga. Muombe daktari kwa adabu wachukue sasa hivi kabla ya dozi inayofuata, chupa mbili, mikono miwili tofauti, mililita 8 mpaka 10 kila chupa. Wadudu wengine bado wataota. Na mpira wa mkojo kama kawekewa uliza kila siku kama bado unahitajika.

#54 NesiMstaafu
Na wewe mwenyewe nawa mikono kabla hujamshika.

#55 BoriboMbichi
Nnarudi wodini.